Hela ya Vifaa Siyo Yako: Kwa Fundi Umeme Anayeanza Kujitegemea

Mwaka 2014 nilizima simu siku 3. Mama mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alikuwa ananitafuta. Alikuwa amenipa shilingi 1,200,000 ninunue nyaya, soketi, swichi na sakiti breka za nyumba yake, wiki ya tatu inaisha na hajaona hata rola moja ya waya. Hela ile sikuila kwa starehe. Laki 4 na nusu niliipeleka Kibamba kumalizia nyumba ya kaka mmoja aliyekuwa amenilipa mapema, na hela ya huyo kaka nilikuwa nimelipia kodi ya chumba, maana mwenye nyumba wangu alitaka ya miezi 6 kwa mkupuo. Iliyobaki ikaenda kidogo kidogo: nauli, ada ya mdogo wangu, dawa za mama. Nilikuwa na cheti, nilikuwa naijua kazi, nilikuwa na nyumba 3 mkononi, na sikuwa na uwezo wa kumaliza hata moja.

Nawaandikia wadogo zangu mnaomaliza VETA, na ninyi mliojifunzia mtaani mkimshikia fundi ngazi, ambao sasa mnataka kuchukua kazi kwa jina lenu. Kupiga bomba la kupitishia nyaya na kuvuta waya mnajua. Kilichonikwamisha mimi hakikuwa darasani.

Mtaani watu wanasema mafundi ni matapeli. Nimekaa na mafundi miaka mingi, na wengi niliowaona wakikimbia wateja walianza kama nilivyoanza mimi: hela ya kazi ya pili inamaliza kazi ya kwanza, hela ya kazi ya tatu inamaliza ya pili, na mwezi usipoleta kazi mpya, wateja wote wanakupigia siku moja. Kwa nje huyo ni mwizi. Na kwa mama wa Goba aliyetoa hela yake, tofauti iko wapi?

Shimo lile linaanzia kwenye bei. Nilikuwa nikiulizwa, "Fundi, hapa utanifanyia shilingi ngapi?" natazama vyumba, nakumbuka fundi mwenzangu alitaja ngapi, napunguza kidogo nisikose kazi. Kuna nyumba ya vyumba 3 niliikubali kwa ufundi wa 400,000, nikijua nitaimaliza kwa siku 5. Ikachukua siku 9, kwa sababu ukuta ulikuwa umeshapigwa plasta na ilibidi tuuchane upya kwa grenda. Saidia fundi nilimlipa 15,000 kwa siku, ikawa 135,000. Nauli ya watu wawili na mizigo 6,000 kwa siku, 54,000. Chakula 5,000 kwa siku, 45,000. Diski za grenda na biti za drili 32,000. Safari 2 za Kariakoo kubadilisha vitu vilivyokosewa, 20,000. Jumla 286,000. Nikabakiwa na 114,000 kwa siku 9, yaani chini ya 13,000 kwa siku. Kijana aliyenishikia ngazi alipata kuliko mimi, na grenda iliyochakaa ilikuwa yangu.

Hesabu hiyo niliifanya miezi kadhaa baadaye, nilipoanza kuandika. Wazee wanasema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilikuwa naisikia habari kutoka kwa wadai. Nunueni daftari kabla ya drili. Ukurasa mmoja kazi moja: kilichoingia, kilichotoka, siku ulizodhani na siku zilizotumika. Baada ya kazi 5 au 6 utajua siku yako moja inagharimu nini hata kabla hujapata faida, na mteja akisema "nipunguzie" utajua unaweza kushuka hadi wapi. Ukitoza kwa pointi, yaani kwa kila taa, swichi au soketi, kama wengi tunavyofanya, bado zihesabu siku. Pointi 40 kwenye boma ambalo halijapigwa plasta na pointi 40 kwenye nyumba ambayo watu wanaishi, makabati yamejaa na watoto wamelala, ni kazi 2 tofauti kabisa.

Sasa hela ya vifaa. Siku ya nne niliwasha simu, nikaenda Goba kwa miguu yangu. Nilimwamkia, nikamweleza yote pamoja na Kibamba. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliniuliza nina uwezo wa kurudisha nini, tukaandikiana kwamba ufundi wake wote nitaufanya bila malipo, na kilichopungua kwenye vifaa nitalipa kila Jumamosi. Halafu akasema vifaa atanunua mwenyewe. Nilimpa orodha, tukaenda wote dukani, akalipa kwa simu moja kwa moja kwenye namba ya duka, risiti akaiweka kwenye mkoba wake. Nilibeba mzigo tu. Nilivyorudi nao kwenye daladala nilijiona mwepesi kwa namna ambayo sikuitegemea, kwa sababu hapakuwa na hela ya mtu mfukoni mwangu.

Tangu hapo ndivyo ninavyofanya kazi. Mteja ananunua, au analipa dukani, mimi naandika orodha kwa ukubwa na idadi: waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, mnene zaidi kwa jiko na hita ya maji, sakiti breka za kila mstari, kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na waya wa erthi unaoshuka ardhini. Akiwa mbali, kwa mfano yuko Muscat au London na anatuma kupitia ndugu, namtumia picha ya risiti na picha ya mzigo ukiwa kwenye eneo la ujenzi siku hiyo hiyo. Ufundi wangu naugawa mafungu: anatoa la kwanza tukianza kulaza bomba, la pili nyaya zikishavutwa, la tatu soketi na taa zikishafungwa, na kipande cha mwisho nikishapima mbele yake. Yote haya yapo kwenye karatasi yenye sahihi zetu, au angalau kwenye ujumbe wa WhatsApp ambao amejibu "sawa". Wapo wateja wanaoona karatasi ni kutoaminiana. Waambie kwa upole kwamba inamlinda yeye zaidi, na ndivyo ilivyo.

Mtakutana na jambo lingine ambalo hamtaambiwa na mtu. Maduka mengi ya vifaa humrudishia fundi kitu kidogo kwa kila mteja anayempeleka, na kiasi hicho kinaongezwa kwenye bei ya mteja. Msimamizi wa ujenzi naye atakuvuta pembeni: "Andika milioni mbili, laki mbili yangu." Nimewahi kufanya hivyo na sijivunii. Ukishaandika bei ya uongo na mtu, yeye ndiye anayekumiliki. Siku akigombana na mwenye nyumba, jina litakalotajwa kwanza ni la fundi. Ninachofanya sasa, namwambia mwenye duka ile ya kwangu aishushe kwenye bei ya mteja, na ufundi wangu nautaja kwa ukamilifu bila aibu. Kazi kadhaa nimezikosa kwa ajili ya hili, nyumba kubwa tu. Naamini nilifanya vyema kuzikosa.

Hata mteja akinunua mwenyewe, usimwache anunue waya bandia. Zipo sokoni nyaya zinazong'aa kama shaba kwa juu na ndani ni aluminiamu. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe, rudisha. Shika rola mkononi, nyepesi kupita kiasi ina sababu yake, na tafuta alama ya TBS. Nyumba ikiungua, hakuna atakayemuuliza mwenye duka.

Nyumba ya ghorofa iliwahi kunifundisha kwa gharama kubwa. Tulilaza bomba juu ya nondo kabla ya kumwaga zege, kiungio kimoja sikukitia gundi kwa sababu jua lilikuwa linazama na mafundi wa zege walikuwa wanasubiri. Toroli likapita juu yake. Miezi 2 baadaye naingiza waya wa kuvutia, unafika mita 3 unagonga, haupiti. Zege lilikuwa limejaa ndani. Tulitindua dari ya sebule ya watu, na gharama ya kuiziba nililipa mimi. Siku hizi, zege halimwagwi kabla sijapita kila kiungio kwa mkono na kupiga picha kila chumba kwa simu, na wakati wa kumwaga mimi au kijana wangu lazima awe pale juu na beleshi mkononi. Wenye zege watakuharakisha. Simama. Wao wakishaondoka hawarudi, wewe ndiye utakayerudi.

Kuhusu leseni nitasema kwa kifupi ingawa ni jambo kubwa. Kufunga umeme kwenye nyumba za watu kuna leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na TANESCO inapopokea ombi la kuunganisha umeme inataka kazi iliyofanywa na mwenye leseni. Mafundi wengi wanaanza kwa kumlipa mkandarasi mwingine awagongee muhuri kwenye nyumba ambayo hajaiona. Nilipita huko. Unalipa kila nyumba, mwaka hadi mwaka, na bado kazi si ya jina lako. Bora hela hiyo uikusanye uombe leseni ya daraja linaloendana na cheti chako. Kama ulijifunzia mtaani na huna cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa unachokijua, wanakujazia mapengo, unapata cheti. Namba ya mlipakodi TRA haitozwi chochote. Ichukue mapema, kwa sababu siku kampuni au shule ikikupa kazi watakuuliza risiti kabla ya kukuuliza bei.

Mwili. Hapa nataka mnisikilize kwa makini. Ukiajiriwa ukaugua, kuna siku za kuugua. Ukijiajiri, ukilala kitandani daftari linalala pia. Mwaka 2019 niliteleza kwenye ngazi iliyosimama kwenye vigae vyenye vumbi, nikavunjika mkono, wiki 7 sikushika bisibisi. Walionisaidia ni kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mafundi 12 tunaochanga kila wiki. Bima ya afya sikuwa nayo, hospitali ilimaliza akiba yote. NSSF wanapokea mchango wa mtu aliyejiajiri. Anza na kiasi unachoweza, ukiwa bado kijana. Na umeme wenyewe, volti 230, hauna mazoea na mtu. Zima meni swichi, weka karatasi "fundi yuko kazini", kisha testa yako ijaribu kwanza mahali unapojua umeme upo, ndipo upime pale unapotaka kugusa, halafu uijaribu tena. Sekunde 20. Nimezika rafiki aliyeambiwa "nimeshazima", akaamini.

Kazi haziji sawasawa mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi Desemba simu hazikatiki, watu wanataka kuhamia kabla ya sikukuu. Januari ada za shule zinakausha kila mtu, kimya mpaka unadhani simu imeharibika. Miaka ya mwanzo nilikuwa napandisha maisha Desemba na Februari naomba kazi kwa bei ya kutupa. Sasa kila fungu la ufundi linapoingia natoa sehemu naiweka kwa ajili ya Januari kabla sijafika nyumbani, kwa sababu nikifika nyumbani nayo haitoki. Miezi ile mikavu napitia nyumba za wateja wa zamani, naangalia sakiti breka, nakaza skrubu zilizolegea kwenye bodi, bila malipo. Ni saa moja tu kwa nyumba, na nusu ya kazi zangu za mwaka huu zimetoka huko.

Saidia fundi mlipeni jioni ile ile, kabla hamjajilipa wenyewe. Yeye hana fungu la pili wala la tatu.

Wangu, niliyekaa naye miaka 4, anaanza kujitegemea mwezi huu. Aliniuliza anunue nini kwanza kwa akiba yake. Nilimwambia testa nzuri na multimita, plaizi na bisibisi zenye mpira mzima, nyundo na patasi, ngazi isiyocheza, miwani ya kukatia ukuta. Grenda na drili akodi mpaka kazi ya tatu, anunue kwa hela ya faida, asikope. Mega, kile kipimo cha kujua kama nyaya zinavujisha umeme ukutani, ni ghali kwa anayeanza, kwa hiyo ataazima yangu. Nyumba yake ya kwanza iko Madale, vyumba 2 na sebule, mwenye nyumba amenunua vifaa mwenyewe. Jumamosi asubuhi atapita kwangu kuichukua mega.