Maswali ya Wasomaji: Pini, Ukungu na Karatasi Ndogo Zilizo Chini ya Mdudu

Tangu mvua za masika zianze na kumbikumbi kujaa kwenye taa za kila mtaa wa Nairobi, barua zinazotufikia kuhusu kuhifadhi wadudu zimeongezeka. Tumechagua tano. Mbili tumezijibu kwa urefu kwa kuwa zinagusa makosa ambayo hata wakusanyaji wazoefu huyafanya, na tatu zilizobaki tumezijibu kwa kifupi.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya upili mtaani Umoja. Muhula uliopita wanafunzi wa chama chetu cha sayansi walikusanya mbawakawa, nyigu na panzi, nasi tukawachoma kwa pini za fundi wa cherehani. Sasa baadhi ya pini zimeota kutu, nyingine zimefanya utando wa kijani, mbawakawa wamepasuka mgongoni, na panzi wakubwa wamekuwa weusi na kutoa harufu. Tulikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, kosa la kwanza ni la pini yenyewe. Pini ya fundi ni nene mno na ni fupi mno, na tena hutengenezwa kwa chuma kinachoshika kutu au kwa madini yenye shaba ndani yake. Utando wa kijani mliouona hutokea pale mafuta na tindikali za mwili wa mdudu zinapokutana na ile shaba; utando huo huendelea kukua mwaka baada ya mwaka mpaka humpasua mdudu kutoka ndani. Pini za wadudu ni za chuma cha pua, au chuma kilichopakwa rangi nyeusi, zina urefu wa milimita 38 hivi, na unene wake hutajwa kwa namba. Namba 2 na namba 3 zitawatosha karibu wadudu wote ambao wanafunzi wako watawaleta darasani. Hazipatikani katika maduka ya vifaa vya kushonea, kwa hiyo ni vyema shule mbili tatu zikaagiza kwa pamoja.

Kosa la pili ni la mahali pa kuchoma. Mbawakawa hachomwi katikati ya mgongo, kwa sababu hapo ndipo magamba mawili ya mbawa zake yanapokutana, na pini ikipita hapo huyatenganisha kama mlango uliosukumwa kwa kabari. Huchomwa katika gamba la kulia, karibu na bega, ili pini itokee chini kati ya mguu wa katikati na mguu wa nyuma bila kuung'oa wowote. Nyigu, nyuki na nzi huchomwa kifuani, kulia kidogo kwa mstari wa katikati, maana vinyweleo vya mgongoni ndivyo mtaalamu anavyovitazama ili kumtambua mdudu, na tukiviharibu vya upande mmoja basi vya upande wa kushoto vitakuwa vimesalia. Panzi naye huchomwa kulia, sehemu ya nyuma ya lile ngao linalofunika shingo. Kunguni wa mimea, wenye pembetatu mgongoni, huchomwa ndani ya pembetatu hiyo. Kipepeo na nondo ndio pekee katika hawa wanaochomwa katikati kabisa ya kifua. Kwa wote, acheni nafasi ya sentimita moja hivi kati ya kichwa cha pini na mgongo wa mdudu ili vidole vipate pa kushika, na hakikisheni mdudu amekaa sawa, hakuinama mbele wala nyuma.

Wadudu walio wadogo kuliko milimita tano hivi msiwachome hata kidogo. Kateni pembetatu ndogo ya karatasi ngumu, pitisheni pini kwenye upande wake mpana, kisha mbandikeni mdudu kwenye ncha kwa tone dogo la gundi inayoyeyuka kwa maji, akae kwa ubavu wake wa kulia. Gundi ile kali inayoshika papo hapo mwekeeni fundi wa viatu, kwa sababu siku mtaalamu atakapohitaji kumbandua mdudu ili amtazame chini ya hadubini, hatambandua mzima.

Ama panzi walioharibika, tatizo lao ni tumbo. Panzi mkubwa au vunjajungu mkubwa ana utumbo uliojaa majani, na katika baridi ya Juni na Julai hapa Nairobi, ambapo jua huweza kujificha siku kadhaa mfululizo, utumbo huo huoza kabla mwili haujakauka. Pasueni tumbo kwa chini kwa wembe mdogo, toeni utumbo kwa kibano, jazeni pamba kidogo, kisha rudisheni kingo za ngozi mahali pake. Wanafunzi wengine watakunja pua, lakini nadhani hilo ni somo la anatomia ambalo hamkulilipia.

Wakati wa kuwakausha, jihadharini na sisimizi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikiishi chumba kimoja maeneo ya Ngara, niliwaacha nyigu kumi na wanane mezani usiku mmoja, na asubuhi nikakuta pini kumi na nane zimesimama wima zikiwa na mbawa tu. Tangu siku hiyo kila mguu wa meza yangu ya kukaushia husimama ndani ya kopo lenye maji na matone machache ya mafuta ya kupikia.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kangemi. Nimehifadhi vipepeo katika bahasha tangu mwaka jana. Wamekauka mbawa zikiwa zimefungana, na nikijaribu kuzifungua zinavunjika. Je, nimewapoteza?

JIBU: Hujawapoteza, mwanangu. Kipepeo aliyekauka ndani ya bahasha anaweza kungoja miaka mingi, na wakusanyaji wa safari ndefu wamewahifadhi hivyo tangu zamani. Chukua mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, tandika chini yake karatasi za shashi zilizoloweshwa maji, tia matone machache ya dawa ya kuulia viini ili ukungu usiote, kisha inua vipepeo juu ya kifuniko cha chupa au wavu mdogo wasiguse maji. Funga. Mkague kila mmoja baada ya siku moja. Wengi hulainika kwa siku moja hadi tatu. Ukipuliza kati ya mbawa nazo zikafunguka bila ukaidi, yuko tayari.

Baada ya hapo unahitaji ubao wa kutandazia mbawa, yaani vibao viwili laini vilivyoachana kidogo kwa mfereji ambamo mwili wa kipepeo utalala. Soli ya ndara kuukuu iliyochanwa mfereji hufaa kwa kujifunzia, kwa kuwa inashika pini vizuri. Usiziguse mbawa kwa vidole. Lile vumbi linalobaki kwenye kidole ndilo rangi ya kipepeo. Zisogeze kwa ncha ya pini, ukiishika nyuma ya mshipa mnene wa mbele, mpaka ukingo wa nyuma wa mbawa za mbele ufanye pembe mraba na mwili, halafu zilaze chini ya vipande vya karatasi angavu, na pini uzichome nje ya mbawa, zisipite ndani yake. Mwache wiki moja, au mbili kukiwa na baridi. Akitolewa mapema, mbawa zitashuka polepole.

SWALI: Je, kumbikumbi na viwavi nao huchomwa pini? (Mwanafunzi, Kahawa)

JIBU: Hapana. Wadudu wenye mwili laini hunyauka wakibaki kama ganda la njegere, kwa hiyo hukaa ndani ya kichupa cha spiriti yenye nguvu ya asilimia 70 hadi 80. Kiwavi mwingize kwanza katika maji yaliyochemka kwa muda mfupi ili asigeuke mweusi. Lebo iandikwe kwa penseli na itiwe ndani ya kichupa, maana ya nje hubanduka na wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka.

SWALI: Ninaruhusiwa kukusanya wadudu katika Msitu wa Karura? (Msomaji, Muthaiga)

JIBU: Si bila kibali. Karura ni msitu wa serikali, na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina masharti makali zaidi. Wanyamapori nchini wanalindwa na sheria ya mwaka 2013. Anzia uani kwako, au katika shamba la mtu aliyekuruhusu. Taa moja ya barazani usiku wa mvua itakupa kazi ya mwezi mzima.

SWALI: Mhariri, marehemu baba yangu aliacha visanduku kumi na moja vya wadudu ambavyo sasa viko nyumbani kwangu Lang'ata. Nilipovifungua nilikuta unga wa kahawia chini ya baadhi yao, na vipepeo wengine wamebaki mbawa. Nimeweka naftalini nyingi. Pia chini ya kila mdudu kuna vijikaratasi vichafu vyenye mwandiko mdogo ambao hausomeki vizuri. Nilitaka kuvitoa na kuandika majina mapya kwa kompyuta ili mkusanyiko upendeze sebuleni. Naomba ushauri.

JIBU: Mama, pole kwa msiba, na tafadhali usitoe karatasi hata moja kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Tuanze na unga. Huo ni kinyesi na mabaki ya viluwiluwi vyenye manyoya ambavyo ni watoto wa mbawakawa wadogo sana, wa jamii inayokula ngozi, sufu na mizoga mikavu. Mkubwa wake ana milimita tatu hivi, huruka, na huingia nyumbani kupitia dirishani kama mgeni yeyote. Naftalini huwafukuza zaidi ya kuwaua, na mvuke wake haufai kuvutwa na binadamu, hasa watoto wadogo. Kuna watoto wenye upungufu fulani wa kurithi katika damu ambao naftalini inaweza kuwaletea upungufu mkubwa wa damu. Aidha, usiichanganye na zile dawa nyingine nyeupe za kabatini za paradiklorobenzini, kwa sababu zikikaa pamoja huyeyuka na kuwachafua wadudu kwa majimaji.

Dawa iliyo bora ni baridi. Funga kila kisanduku ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kitie kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ukiache wiki mbili. Ukikitoa, usiufungue mfuko mpaka ipite siku nzima, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya wadudu walio baridi na utakuwa umefukuza mdudu ukakaribisha ukungu. Futa unga wote, ili ukiuona tena ujue kuwa ni mpya, kisha kagua kila baada ya miezi michache. Visanduku visikae sebuleni penye jua, kwani mwanga hupausha rangi, wala visiegemezwe ukuta wa nje ambao hupata unyevu wakati wa masika.

Sasa vijikaratasi. Kwa jinsi unavyovieleza, hizo ni lebo, na kwa maoni yangu ndizo mali kubwa zaidi aliyoiacha baba katika visanduku hivyo. Kipepeo yuleyule anaweza kukamatwa tena wiki ijayo, lakini hakuna awezaye kurudi kukamata kipepeo wa Lang'ata wa mwaka 1971. Lebo ya kawaida hutaja nchi, mahali, mwinuko, tarehe na aliyemkamata, na mwezi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Kwa hiyo ukiona 4.vii.1971, hiyo ni tarehe 4 Julai. Angeandika 4.7.1971, msomaji wa Marekani angedhani ni Aprili.

Usirekebishe chochote, hata palipo na majina ambayo siku hizi hayatumiki. Ukikuta "Fort Hall", usiifute uandike Murang'a; ukikuta "Thomson's Falls", usiibadilishe kuwa Nyahururu. Majina hayo ya zamani yenyewe humsaidia mtafiti kukisia umri wa lebo isiyo na tarehe. Kama unataka kuongeza ufafanuzi, uandike kwenye karatasi mpya isiyo na tindikali na uichome chini ya ile ya zamani kwenye pini ileile. Mwandiko usiosomeka upige picha kwa simu kwenye mwanga wa pembeni, kisha uikuze; mara nyingi herufi hujitokeza. Ukikuta daftari au shajara ya baba yenye namba zinazolingana na namba za kwenye karatasi, ihifadhi pamoja na visanduku.

Ukiona kazi inakuzidi, Makumbusho ya Kitaifa yaliyo Museum Hill yana kitengo cha wadudu. Mji huu una desturi ya kazi hii: chama cha maumbile kilichozaa makumbusho hayo kilianzishwa mwaka 1909. Huko Kasarani nako kuna kituo cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ambacho shughuli yake yote ni wadudu. Kabla hujabeba visanduku, peleka kwanza picha na orodha ya mahali na miaka iliyo kwenye lebo, kwa sababu hayo ndiyo watakayokuuliza.

Wale waliobaki mbawa tu, Mama, usiwatupe. Kusanya mbawa za kila mmoja ndani ya bahasha ndogo, ichome bahasha hiyo kwenye pini yake mwenyewe juu ya lebo yake, na umrudishe mahali alipokuwa kwenye safu.