Arosto kwanza, nasaha baadaye: kwa anayeanza kazi ya uangalizi wa wahalifu Malindi

Faili lako la kwanza Malindi huenda likawa la wizi mdogo: simu, mabati, nyaya, kuku wa jirani. Usianzie kwenye kosa. Muulize mshtakiwa unga, yaani heroini, alivuta lini mara ya mwisho. Ukimwona anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtoka na anatetemeka ilhali jua la saa saba linawaka, huyo ana arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga. Utakalomwambia kuhusu dini au machozi ya mamake halitamwingia.

Methadoni ilifika Malindi mwaka 2015. Ni dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hukamata palepale heroini inapokamata kwenye ubongo, ila hufanya kazi polepole, na dozi iliyopimwa vizuri humtuliza mtu kutwa bila kumlewesha. Wengi huanzishwa kwa miligramu 20 hadi 30, wakapandishwa taratibu, mara nyingi mpaka kati ya 60 na 120. Ikipandishwa kwa pupa inaweza kukata pumzi, kwa hiyo usimhimize mhudumu eti siku ya mahakama imekaribia. Mtaani utaambiwa umembadilishia teja ulevi kwa ulevi. Mimi sikubali. Asiyesakwa na arosto kila baada ya saa chache ana nafasi ya kukaa, kusikiliza na kufanya kazi.

Nikueleze kosa langu, maana bado linaniuma. Kijana mmoja alitulia miezi minne, akawa anabeba samaki ufuoni. Ghafla akaanza kukosa miadi, kisha akaiba pampu ya maji ya jirani. Bibi yake akanijia: "Mwanangu, huyu anaumwa. Usiku jasho linalowesha godoro." Nikadhani anamtetea mjukuu, nikaandika ripoti kali. Wiki iliyofuata nikaona vidonge vyekundu vya kifua kikuu mfukoni mwa shati lake. Vina rifampisini, ambayo hulifanya ini liivunje methadoni haraka mno. Alikuwa akinywa dozi ileile huku mwili wake ukibaki na arosto. Daktari alipoipandisha, siku si nyingi alirudi ufuoni. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, kama efavirenzi na nevirapini, nazo hufanya hivyo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika "amerudia", huuliza: unakunywa dawa gani nyingine?

Mwili ukishatulia ndipo mazungumzo yanapoanza, na mazungumzo si mawaidha. Tunachukua siku moja, tuseme Ijumaa aliyoteleza, tunaifuata hatua kwa hatua. Alipita barazani, mtu akasema "ficheni viatu". Akawaza: nimeshahukumiwa, basi na niwe mwizi. Kifua kikambana, miguu ikampeleka maskani. Hapo tunatafuta pa kukatia: njia nyingine ya kurudi nyumbani, mtu wa kumpigia, neno la kujibu. Tunaigiza mara tano, mara kumi, mimi nikiwa yule wa barazani, mpaka jibu limtoke bila kigugumizi. Asili yake ni tiba aliyoianzisha Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, lakini baraza ni letu, na maneno lazima yawe yetu.

Nguvu zako nyingi zipeleke kwa walio katika hatari kubwa ya kurudia. Kijana wa kosa la kwanza mwenye kazi na familia usimtie kikundi kimoja na walioshindikana. Anaweza kutoka humo akiwa mbaya zaidi.

Lingine ni la anayetoka jela. Akiwa ndani bila unga, mwili husahau kiwango ulichozoea. Akirudia kiwango kile cha zamani, anaweza kufa usiku huohuo, na wiki mbili za kwanza ndizo za hatari zaidi. Ongea na jamaa zake kabla hajatoka. Waeleze kwamba akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida na midomo ikageuka rangi, hajalala. Wamkimbize hospitali, kuna dawa ya nalokisoni, inayoondoa nguvu ya unga mwilini. Siku ya kutoka, uwe langoni. Kesho yake asubuhi mwende pamoja mpaka dirisha la dawa.