Nilimaliza deni 2022, benki ikaniamini 2025

Wiki iliyopita dada mmoja wa Voi aliniandikia: "Dada, deni lote nimelipa na risiti ninayo. Ni miezi mingapi mpaka jina langu lisafike?" Nilisoma ujumbe wake nikiwa nimesimama kando ya ovaloki mpya, mashine ya kushonea kingo za nguo, ambayo hata karatasi za nailoni hazijabanduka. Nimeinunua kwa mkopo wa benki, wa kwanza tangu jina langu liingie CRB, yale mashirika yanayotunza kumbukumbu za wakopaji na malipo yao. Nikavuta kiti nikakaa, maana swali hilohilo nililiuliza mimi mwaka 2022, na aliyenijibu alinidanganya.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwapa, pwani ya Kenya. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Februari 2020 nilikopa benki shilingi 180,000, nikaenda mtaa wa Biashara kule Mombasa nikabeba majora ya kitambaa cha kijani na cha miraba, kwa kuwa shule mbili zilikuwa zimeshanipa kazi ya muhula wa pili. Tarehe 15 Machi serikali ikatangaza shule zifungwe. Majora yakabaki kwenye kona ya duka, yameegemea ukuta vilevile nilivyoyashusha. Oktoba walirudi watoto wa madarasa machache tu, na wengine wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Kodi ya duka haikungoja.

Wakati ule Benki Kuu ilitoa nafuu: aliyeanza kushindwa kulipa kuanzia tarehe 1 Aprili asipelekwe CRB kwa miezi sita. Nikaichukua kama msamaha, nikalala. Haukuwa msamaha. Riba ilikuwa inahesabiwa kila siku, na wale waliokwenda benki mapema walipangiwa malipo upya. Mimi sikwenda. Niliona haya kumtazama afisa mikopo usoni. Nikaona bora nikope kwenye simu nilipe benki, kisha nikope kwingine nilipe ule wa simu, hadi nikawa na mikopo minne inayozungukana.

Mkopeshaji mmoja wa simu alikuwa amechukua namba zote nilizohifadhi. Jioni moja ya Novemba nikapigiwa na mwalimu mkuu wa shule ambayo nimeishonea miaka sita. "Mama, kuna kijana amenipigia, anasema mimi ni mdhamini wako. Kwema?" Sikuwahi kumweka mdhamini. Nilimweleza, akanisikiliza kwa upole, akaniaga. Shule zilipofunguliwa Januari, sare zikashonwa na fundi mwingine. Tangu Machi 2022 kanuni za Benki Kuu zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mteja, na nafurahi kwa ajili ya wanaokopa leo. Lakini kazi ile haikunirudia. Nikipita mbele ya lango lile naangalia mishono ya kola za watoto, na roho bado inaniuma.

Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, benki huuhesabu kuwa mbovu. Wangu uliingia CRB mwanzoni mwa 2021. Niliulipa kidogokidogo kwa kushona mapazia na magauni ya harusi, nikamaliza Agosti 2022. Benki ikanipa barua ya kuthibitisha sidaiwi. Nilimuuliza kijana aliyeniandalia barua ile, "Sasa jina limesafika?" Akasema, "Mama, baada ya mwezi uko huru, unakopa popote."

Februari 2023 nikapeleka maombi ya mkopo wa 100,000. Afisa aliandika namba ya kitambulisho changu, akangoja, halafu akaigeuza skrini ya kompyuta kidogo ili nione mstari mwekundu. "Mama, mfumo unakataa. Bado una deni." Nikatoa barua yangu mkobani, nikaikunjua mezani. Hakuigusa.

Nilipochukua ripoti yangu nzima ndipo nikaona. Shilingi 1,370. Mkopo wa simu wa mwaka 2019, niliochukua kwa laini ya zamani iliyopotea pamoja na simu. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Tangu 2020 deni lisilofika 1,000 haliruhusiwi kumpeleka mtu CRB, na langu lilipita hapo kwa 370. Miezi sita nzima nilitembea nikijiona msafi, kumbe shilingi 1,370 zimenishika mguu.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kuhesabu miezi, chukua ripoti. Kenya tuna mashirika matatu yenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja linatakiwa likupe ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Chukua zote tatu, kwa sababu deni linaweza kuonekana kwa mmoja na lisionekane kwa mwingine. Soma kila mstari. Usisome jumla tu, na usiridhike na barua ya benki moja.

Bahati yangu, kipindi kile kulikuwa na mpango wa Benki Kuu wa kurekebisha mikopo ya simu, ulioanza Novemba 2022 na kuisha mwisho wa Mei 2023. Deni la simu la muda mfupi lilipunguzwa angalau nusu. Nililipa nusu, nikaondolewa. Cheti cha CRB nikakipata, na cha mara ya kwanza hakilipiwi. Nikakitia kwenye bahasha ya plastiki, nikarudi benki ileile kwa afisa yuleyule.

Akakataa tena. Safari hii hakukuwa na deni. Kulikuwa na alama. Alama za Metropol zinaanzia 200 hadi 900, na ukiwa chini ya 400 unahesabiwa kuwa mtu aliyeshindwa kulipa. Mimi nilikuwa na 388. Cheti kinasema hudaiwi. Alama zinasema kama unaaminika, na hayo ni mambo mawili. Hapo ndipo wengi wetu tunapovunjika moyo, tunasema CRB ni wizi, tunarudi kwa wakopeshaji wa mtaani wanaoshika friji na televisheni.

Nami nilivunjika moyo, tena nikafanya la kijinga. Kijana mmoja mjini aliniambia ana mtu wake ndani, kwa 3,500 historia yote inafutwa. Nikampa. Simu yake haijapatikana tangu siku hiyo. Nalisema wazi ili wewe usilipe: taarifa ikiwa ni ya kweli hakuna wa kuifuta. Ikiwa ni ya uongo, andika malalamiko kwa shirika la CRB na kwa aliyekukopesha, maana aliyeipeleka ndiye mwenye kuirekebisha, na kazi hiyo hailipiwi hongo. Kwa kanuni zetu, habari ya mkopo mbovu inakaa kwenye kumbukumbu miaka 5 tangu siku ulipomaliza kuulipa. Wangu wa benki utatoka Agosti 2027. Hata leo afisa akifungua jina langu anauona.

Basi nikaamua kuanza chini kabisa. Mwisho wa 2023 M-Shwari, huduma ya kukopa kwa simu, ikanifungulia kikomo cha shilingi 500. Mtu aliyekuwa anakopa 180,000 anakopeshwa mia tano! Nilikopa, nikalipa kabla ya siku 30. Nikakopa tena, nikalipa. Sikuwa na shida na zile mia tano, nilikuwa najenga kumbukumbu. Tangu katikati ya mwaka huo nilikuwa pia nimejiunga na sako, chama cha kuweka na kukopa, nikiweka 2,000 kila mwezi bila kukosa. Kabla ya kujiunga niliwauliza kama hupeleka taarifa za wanachama CRB, na wewe uliza hivyohivyo, kwani kulipa vizuri mahali pasiporipotiwa hakukupandishii alama hata moja. Januari 2024 sako ikanipa 60,000 kwa udhamini wa wanachama watatu, mmoja wao mama wa chama chetu aliyenijua tangu shida ilipoanza. Nilishona sare za msimu kwa pesa zile. Tarehe ya kulipa ilikuwa 5, mimi nililipa tarehe 2, miezi kumi na miwili mfululizo. Kuna mwezi nilimlipa sako kwanza, kodi ya duka ikachelewa siku nne, nikamwomba mwenye nyumba radhi. Mwenye nyumba hapeleki jina langu popote.

Alama zilipanda taratibu sana. Miezi mitatu ya kwanza sikuona chochote. Katikati ya 2024 nikavuka 450. Mwisho wa mwaka 530. Mwezi uliopita nilikuta 618, nikapeleka maombi benki moja tu. Narudia, moja. Mwaka 2023 nilikuwa nimeomba sehemu tano kwa wiki mbili, na ripoti iliorodhesha wote waliofungua jina langu, tarehe kwa tarehe. Anayesoma orodha kama ile anaona mtu anayezama.

Sasa nikujibu, dada wa Voi. Ukishalipa kila kitu, deni kuonyeshwa limelipwa ni suala la wiki kadhaa, na usipoliona baada ya mwezi mfuate aliyekukopesha. Mimi, kukopeshwa hela ya maana na sako kulinichukua karibu mwaka mmoja na nusu tangu nimalize deni la benki, na zaidi ya miezi sita kati ya hiyo niliipoteza kwa 1,370. Benki ilinichukua karibu miaka mitatu. Wewe unaweza kwenda haraka kuliko mimi iwapo utaanza na ripoti, ukafunga laini zako za zamani vizuri, na ukatafuta pa kukopa kidogo na kulipa mapema. Lakini usikope kwa sababu kikomo kimepanda. Kopa unachojua kitarudi kutoka kazi gani, tarehe gani. Vijana wanaokuja dukani kwangu wananionyesha vikomo vyao kwa fahari, kana kwamba ni mshahara. Si mshahara! Ni pesa ya mtu mwingine, na mwenyewe ana namba ya kitambulisho chako.

Awamu yangu ya kwanza ya ovaloki ni tarehe 10. Pesa nimeshaitenga. Wewe chukua ripoti zako tatu wiki hii, kisha niandikie umekuta nini, hasa ule mstari usioutambua.