Fundi Anajibu: Vespa, oili mbili na moshi mweupe

Barua za safari hii zimetoka kusini, na karibu zote ni za wenye Vespa za zamani ambazo bado zinatembea Mtwara na Lindi.

Fundi, shikamoo. Marehemu baba ameniachia Vespa P150X. Nataka kubadili oili ya injini. Gereji ya kwanza wameniambia inaingia lita moja ya 20W-50. Ya pili wakasema injini hii haina oili kabisa. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Mikindani*

Marahaba. Usimsikilize yeyote kati yao, ingawa huyu wa pili hayuko mbali sana na ukweli. Silinda na krankshafti ya Vespa yako hulainishwa na oili ya 2T (oili ya injini za mipigo miwili) inayochanganywa na petroli, na huungua humo humo. Hiyo haimwagwi. Ila gia na klachi zina chumba chao, na humo ndimo ilimo oili unayoitafuta: mililita 250, yaani robo lita tu. Lita moja haiingii. Anayeilaza pikipiki ubavu ili aishindilie, ajue oili itatafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu ni sili (mpira wa kuzuia oili) ya ekseli ya nyuma, kisha kwenye breki.

Nunua SAE 30 yenye namba moja tu, si ile ya namba mbili zenye W katikati. Waulize wauza vipuri vya jenereta na mashine za kukatia majani, wao huwa nayo. Klachi ya Vespa inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya gia, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya iteleze. Kuna wanaotia oili ya giaboksi ya namba 90 kwa kuwa "hii ni giaboksi". Ni nzito mno: klachi haitaachia vizuri na gia ya kwanza itaingia kwa kishindo. Namba za oili za gia hazilingani na za injini. 80 ya gia uzito wake unakaribia 30 ya injini.

Tembea kama dakika kumi oili ipate moto, kisha simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali palipo sawa. Tafuta kwanza nati ya kujazia, ubavuni mwa kasha la injini karibu na tairi la nyuma, palipoandikwa OLIO. Ifungue hiyo kabla ya ile ya chini. Ikiwa chumvi ya bahari imeikamata na haitoki, utakuwa hujamwaga oili usiyoweza kuirudisha. Nati ya kumwagia iko tumboni mwa injini, spana namba 11. Weka beseni, fungua, acha itiririke mpaka ibaki matone. Ichunguze nati yenyewe: uji wa kijivu uliogandia ni wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine, hasa kama gia huruka zenyewe ukiwa unapanda mlima. Hapo msalaba wa kuchagulia gia umelika.

Badili washa, ile pete bapa ya nati ya kumwagia. Kaza kwa spana fupi, kwa nguvu ya kifundo cha mkono, basi. Kasha ni la alumini na nati ni chuma. Anayening'inia kwenye spana huua thredi, na baada ya hapo ni kazi ya fundi wa mashine kuchimba na kutia thredi mpya. Jaza kwa sirinji kubwa au chupa yenye mrija, polepole, mpaka oili ianze kuchungulia kwenye tundu la kujazia. Tundu hilo ndilo kipimo chako. Usitafute dipstiki, haipo. Rudia kila kilomita 4,000 hivi, au mara moja kwa mwaka kama pikipiki haitembei sana.

Oili chafu usiimwage mchangani, visima vya Mikindani haviko mbali na uso wa ardhi. Iweke kwenye dumu. Wajenzi huitaka kwa kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Mafundi, Vespa yangu ya PX (jamii moja na P150X) inatoa moshi mweupe hata ikishapata moto. Nimemwaga oili ya gia ikatoka nyingi kuliko niliyotia, nyepesi kama maji, na inanuka petroli. Nimeambiwa nibadili ringi za pistoni.
*Msomaji, Lindi mjini*

Ringi hazihusiki. Dalili zako zinaelekeza kwenye oili sili ya krankshafti upande wa klachi. Sili hiyo ndiyo ukuta kati ya chumba cha krankshafti, ambamo petroli hupita, na chumba cha gia. Pistoni ikipanda, chumba cha krankshafti huvuta, ikishuka, husukuma. Sili ikichoka, kwa kuvuta injini inanyonya oili ya gia na kuiunguza, ndiyo moshi mweupe. Kwa kusukuma, mchanganyiko wa petroli unapenya kwenye gia. Kwa mwingine oili hupungua, kwako imeongezeka. Ugonjwa ni mmoja.

Kabla hujafungua injini, fanya jambo moja la bure. Tia oili mpya, pima mililita 250 kamili, na kuanzia leo funga bomba la petroli kila unapoegesha, hata kama ni kwa nusu saa. Sindano ya kabureta isiyofunga vizuri huacha petroli idondoke usiku kucha, ijae kwenye krankshafti na kupenya hata kwenye sili iliyochoka kidogo tu. Endesha wiki moja, mwaga kwenye chupa yenye vipimo. Ikitoka 250 bila harufu, tatizo lilikuwa kabureta. Ikizidi, au moshi ukiendelea, ni sili.

Sili ya upande wa sumaku hubadilishwa kutokea nje. Hii yako haiko hivyo: injini lazima ishushwe na kasha lipasuliwe sehemu mbili. Kwa kuwa gharama kubwa ni hiyo ya kupasua, usikubali kubadilishiwa sili peke yake. Tia sili zote, beringi za krankshafti, gasketi na msalaba wa gia kwa mara moja. Anayekuambia ataiziba kwa gundi kutokea nje, mshukuru na uondoke. Na usiendelee kuiendesha hivyo hivyo: petroli ikishaifanya oili iwe nyepesi, beringi na gia zinasagana kavu.

Mimi huweka vifuniko viwili vya oili ya 2T kila nikijaza tangi. Inatosha?
*Msomaji, Masasi*

Vifuniko havilingani, kwa hiyo hatujui, nawe hujui. PX inataka asilimia 2: mililita 20 kwa kila lita ya petroli, 100 kwa dumu la lita 5, 160 kwa tangi la lita 8. Changanya kwenye dumu na kutikisa kabla ya kumimina. Oili ikitangulia tangini huteremka moja kwa moja kwenye bomba. Vespa za zamani zaidi zilitengenezewa asilimia 5, tazama kibandiko au kitabu chake. Usizidishe "kwa usalama": plagi na ekzosi vitajaa masizi, na kila oili inapoongezeka, petroli inayoingia hupungua, injini ikachemka zaidi badala ya kupoa. Kama chini ya kiti chako kuna kidirisha kidogo cha kioo, pikipiki hiyo ina tangi lake la 2T na hujichanganyia yenyewe. Kwenye tangi la petroli tia petroli tupu.

Oili ya gia imetoka nyeupe kama chai ya maziwa baada ya mvua za Februari.
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Maji yameingia, ama kwa kuvuka dimbwi lenye kina ama kwa kuoshwa kwa mashine ya presha. Mwaga, tia SAE 30 ya bei rahisi, tembea kilomita chache, mwaga tena, kisha tia ile ya kukaa. Ya pili bado ikiwa na weupe, rudia. Ukiiacha, beringi zitashika kutu pikipiki ikiwa imeegeshwa tu.

Na Lambretta nayo ni robo lita?
*Msomaji, Lindi*

Hapana. Lambretta ina mnyororo ndani ya kasha refu, nayo hunywa mililita 700 za oili ya gia ya SAE 90. Ile ile tuliyokukataza kwenye Vespa.