Waache wajifiche kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Wale watoto wa paka wawili uliowaleta jana jioni wamejibanza uvunguni, usiku wamelia, chakula hawajakigusa, nawe unauliza kama uwavute uwabembeleze ili wakuzoee upesi. Usiwavute. Najua ni huruma inayokusukuma, lakini kwao mkono unaopenya gizani ni wa kukamata tu.

Paka huijua nyumba kwa pua. Ukimwona anasugua shavu kwenye mguu wa meza, anapaka harufu yake pale, kuonyesha kwamba hapo ni kwake. Hao wako wametengwa na mama yao na harufu zote walizozizoea, wakaingizwa mahali pasipo na hata kona moja inayonukia wao. Kwa hiyo wapunguzie dunia. Wape chumba kimoja, mlango ufungwe. Sanduku la mchanga liwe pembe moja, chakula na maji mbali nalo, maana paka hapendi kula karibu na choo chake (nani anapenda?). Laza boksi ubavu, weka kitambaa ndani, liwe maficho yao. Nyumba nyingine wataikagua baadaye, chumba kwa chumba, wakishaanza kula na kucheza bila wasiwasi.

Aliyekupa muombe kile kitambaa walicholalia na mama yao, na tafadhali usikifue! Nakujua kwa usafi. Chumba hicho usikideki kwa dawa yenye harufu kali. Zile za kuua vijidudu zenye kemikali ya fenoli ni sumu kwa paka wakati wowote, si sasa tu.

Wewe ingia, keti sakafuni, soma kitabu chako, usijishughulishe nao. Kumkodolea paka macho ni kumtisha. Akikutazama, fumba macho taratibu, kisha uyafumbue. Akisogea, mnyooshee kidole akinuse kabla hujamgusa. Ongea kwa sauti ya chini. Masikio yao hunasa sauti nyembamba kupita kiasi, hadi karibu hezi 64,000 (yaani mitetemo kwa sekunde), sisi tunaishia 20,000, kwa hiyo hata ukimya wetu kwao una kelele zake. Marafiki wanaotaka kuja kuwaona wasubiri.

Chakula kiwe kilekile walichokula kule. Ukitaka kukibadilisha, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Maziwa ya ng'ombe usiwape, yatawaharisha.

Umesema wana wiki 10, umri mzuri. Wangekuwa chini ya wiki 8 ningekuambia uwarudishe kwa mama yao. Na kuchukua wawili umefanya vyema, watalaliana na kuchezeana.

Sasa la muhimu. Kujificha siku mbili tatu ni kawaida, kutokula si jambo la kungojea. Leo jioni wakiwa bado hawajaonja kitu, mpigie daktari wa mifugo. Mwili mdogo hivyo hauna akiba. Vilevile ukiona chafya au macho yenye tongo wiki hii au ijayo, wapeleke. Wasiwasi hushusha kinga, na virusi vya mafua ya paka vilivyokuwa vimelala huamka. Ukiwa huko uliza ratiba ya chanjo, kwa sababu hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wafikishe wiki 16, na ujue kwa yule aliyekupa kama ya kwanza walishachomwa.

Mama yako