Kidonge kilekile, mwili uliobadilika

Umeuliza kwa nini mama yako, mwenye umri wa miaka 78, anaamka akiyumba ilhali dozi yake ya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, haijabadilika kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni mwili: uzee huongeza sehemu ya mafuta mwilini, na dawa hii, ambayo huyeyuka kwa urahisi katika mafuta, hujikusanya humo na kurudi kwenye damu polepole, huku ini likiivunjavunja taratibu kuliko zamani. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa huondoka kwenye damu kwa takriban saa 20. Kwa mtu wa miaka 80 inaweza kuchukua saa 90 hivi, kwa hiyo kidonge cha leo hukikuta cha juzi bado kimo. Ubongo wenyewe pia hulemewa upesi zaidi. Ninachokihofia hasa ni ile safari ya msalani usiku wa manane, ambapo mguu ukiteleza mara moja tu nyonga huweza kuvunjika. Tafadhali usimwachishe ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Mwombe daktari apange namna ya kupunguza dozi kidogo kidogo, na umwonyeshe dawa zake zote, zikiwemo za maumivu na za mafua.