Rubani wa Droni Asisimame Peke Yake

Vijana wa Lamu wanaotaka kurusha droni kwa kazi, iwe ni kupiga picha za mji wa kale au kupima mikoko, huniuliza kwanza kuhusu kamera. Mimi huwashauri watafute kwanza mtu wa kusimama nao, kwa kuwa katika kazi hii matatizo mengi niliyoyaona yalianzia kwa mrushaji, si kwa chombo.

Rubani aliyemo ndani ya ndege hupata habari kwa mwili mzima. Kiti kikitikisika au injini ikibadili sauti, hujua kabla hajatazama mita. Mrusha droni amesimama ufukweni Shela, pengine nyuma ya kichuguu cha mchanga ambako hewa imetulia, ilhali chombo chake juu kinasukumwa na kusi naye hahisi lolote. Ndiyo maana betri huwahadaa wengi: iliyobaki nusu baada ya kwenda na upepo huenda isitoshe kurudi dhidi yake. Anza kazi upande unakotoka upepo, ili wakati wa kurudi usukumwe nyumbani.

Ugumu mwingine ni macho. Sheria inataka droni isitoke machoni pa mrushaji, lakini kazi yenyewe humvuta atazame kioo, ambacho kwa jua la saa sita mchana hakisomeki vizuri. Akiinua uso, hajui tena pua ya droni imeelekea wapi. Ikiwa imemwelekea yeye, kushoto kumekuwa kulia. Hapo ndipo mwangalizi anapohitajika. Asiseme tu "angalia!", bali aseme lililopo na la kufanya: "Ndege, upande wa Manda, shuka." Maneno hayo yapatanwe kabla ya kuruka. Tena awe ndiye anayejibu salamu, maana huku kwetu mzee hapiti bila kusalimu, na kumnyamazia ni utovu wa adabu.

Mkibadilishana usukani, kuweni waangalifu zaidi. Tarehe 25 Aprili 2006, droni kubwa aina ya Predator B iliyokuwa ikilinda mpaka wa Marekani ilianguka karibu na Nogales, Arizona. Meza ya vidhibiti, ambayo rubani aliitumia kuiongoza akiwa ardhini, ilikuwa imekwama, akahamishia uongozi kwenye meza ya pili, ambako wenzo uliokuwa ukitumika kurekebisha kamera uligeuka kuwa wa injini. Haukuwekwa sawa na ule wa meza ya kwanza, na mafuta yakakatika. Orodha ya ukaguzi ilikuwapo, lakini haikufuatwa. Kwa hiyo anayekabidhi rimoti ataje kwa sauti kimo, hali ya betri, mwelekeo wa pua na namna ya urukaji iliyochaguliwa, naye anayepokea ayarudie yote, kisha ndipo mkono wa kwanza uachie.